Wati 216

Kompyuta ya nyumbani kwetu ni moja na wenyewe ni wawili. Mchana ni yangu. Nahariri video za harusi, biashara ambayo hapa Ukunda haijawahi kukauka, maana mtu wa Pwani hata akiwa hana kitu harusi atafanya, na bibi harusi atataka kujiona. Usiku ni ya mdogo wangu. Yeye hutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, zile vila zenye bwawa la kuogelea na mnazi mmoja ulioinama vizuri, ili mwenye ploti Diani apate cha kumwonyesha mwekezaji. Mkataba wetu ni wa mdomo tu: saa mbili usiku nainuka kwenye kiti, saa kumi na mbili asubuhi anainuka yeye.

Februari 2025 mkataba huo ulikuwa karibu kuvunjika. Ramadhan ilikuwa inaingia mwanzoni mwa Machi, na kila aliyekuwa na posa alikimbiza harusi iishe kabla mwezi haujaandama. Mimi nilikuwa na harusi nne kwenye diski na simu haziishi. Yeye naye alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Msanifu majengo mmoja alitaka filamu ya sekunde 40: kamera inaingia getini, inazunguka bwawa, inapanda roshani, inatazama bahari. Malipo yake ndiyo yalikuwa karo ya muhula wa kwanza, na chuo kilikuwa kinampokea Mei.

Hakukuwa na mfuko mwingine wa kuchota. Mjomba, ndugu wa mama, ndiye aliyetusomesha sote. Sisi Wadigo mjomba hana mzaha, mtoto wa dada ni mtoto wake. Alikuwa fundi wa umeme kwenye machimbo ya titani kule Maumba, na uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Tangu hapo alikuwa nyumbani kwake Msambweni, anafuga kuku, anasema yuko sawa, na hakuna aliyemwamini.

Kwa hiyo kompyuta hii haikuwa mambo ya gemu. Nasema hivyo kwa sababu ukimwambia mtu mzima kwamba kijana wenu anahangaika na kadi ya grafiki, anakuangalia kama umemwambia kijana anahangaika na dawa za kulevya.

Kadi yenyewe ni GTX 1660 Super, toleo la Oktoba 2019, inayotakiwa kula wati 125. Tuliinunua mitumba Mombasa. Wakati ule kadi zilikuwa nyingi na bei imeshuka, kwa sababu tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ulibadilisha mfumo wake na kuacha kabisa kutumia kadi za grafiki kutengeneza sarafu. Watu waliokuwa na vyumba vizima vya kadi zinazounguruma usiku na mchana wakabaki na vyuma visivyo na kazi, na vyuma hivyo vikasambaa duniani hadi vikafika kwetu, vingine bado vina vumbi la huko vilikotoka. Muuzaji hatakuambia kadi ilichimba. Utaona mwenyewe: feni zimelegea, pedi za ndani zimetoa mafuta. Yetu ilikuwa na dalili zote mbili. Basi nyumba yetu ikawa inategemea machimbo mawili, na yote mawili yalikuwa yamefungwa.

Sasa hesabu. Sekunde 40, kila sekunde picha 25, ni fremu 1,000. Kila fremu, na ule mwanga unaocheza juu ya maji, ilichukua mashine dakika 4. Ni saa 66 na dakika 40. Kwa usiku wa saa kumi, ni karibu usiku saba, iwapo stima haijapotea na hakuna kilichokwama. Mteja alitaka kazi kwa siku kumi. Mdogo wangu aliangalia hesabu hiyo akafanya kile ambacho kijana yeyote mwenye intaneti angefanya. Aliiovakloki kadi.

Kama hujawahi kusikia neno hilo, ni kuisukuma kadi iende kasi kuliko ilivyopangwa kiwandani. Wala si uhuni. Vipande vya silikoni havitoki sawa, hata vikikatwa kutoka sahani moja. Kiwanda kinachagua kasi ambayo kipande dhaifu kuliko vyote vilivyopita ukaguzi kitaimudu, kisha kinawapa wote kasi hiyohiyo. Kama bahati yako ilikupa kipande chenye nguvu, kuna kasi iliyobaki ndani yake ambayo hukuilipia. Unafungua programu kama MSI Afterburner, unavuta vijiti viwili vitatu kwenda kulia, kimoja cha kiini na kimoja cha memori, unaangalia itafika wapi. Alivuta kiini megahezi 140, memori 900, na kile kijiti cha kikomo cha nguvu akakipeleka hadi mwisho. Fremu ikashuka kutoka dakika 4 hadi dakika 3 na sekunde 42.

"Dada, piga hesabu," aliniambia asubuhi, chai hajaigusa. "Sekunde kumi na nane mara elfu moja. Saa tano. Saa tano za bure!"

Ilikuwa kweli. Sekunde 18,000 ni saa tano kamili, hakuna pungufu. Usiku uliofuata mashine ilijizima saa saba, yeye amelala, hakuna wa kuiwasha. Alipoamka saa kumi na mbili alikuta kioo cheusi. Toka saa saba hadi saa kumi na mbili ni saa tano. Sikumwambia. Alijua kuhesabu.

Kilichofuata ni wiki ya kutafuta ugonjwa, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi husema tu "kompyuta imekrashi" kana kwamba krashi ni moja. Si moja. Tulikuwa na tatu, na zilikuja zimechanganyika, leo hii, kesho ile, na ndiyo maana zilitusumbua.

Ya kwanza haikuzima chochote. Fremu ilikamilika, ukiifungua unaona vijiraba vidogo vya rangi, kijani na zambarau, vimemwagika juu ya ukuta wa vila kama mtu amerusha confetti. Kuna vidoadoa vyeupe vya kawaida ambavyo Blender huacha mwanga usipotosha, hivyo tunavijua na havina neno. Hivi vilikuwa na kona. Kitu chenye kona hakitoki kwenye mwanga, kinatoka kwenye memori iliyosoma namba vibaya.

Ya pili, kioo kinaganda, kinakuwa cheusi kwa muda mfupi, kisha kinarudi na Blender imefungwa. Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu, isipojibu inaiua drayva na kuiwasha upya, na inaandika kwenye kumbukumbu zake tukio namba 4101. Hiyo mara nyingi ni kiini kilichosukumwa kupita uwezo wake, au kimenyimwa volti za kuendana na kasi kilichopewa.

Ya tatu ni tka! Giza. Feni zinasimama, taa ya kibodi inazima, kisha mashine ama inajiwasha yenyewe ama inalala hapo mpaka uchomoe waya na kuuchomeka tena. Kumbukumbu zinaandika tukio namba 41, ambalo watu hulishika kama jibu, na si jibu. Linasema tu kwamba kompyuta iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri. Yaani Windows inakwambia kwamba ilikufa. Asante.

Fundi mmoja tuliyemwuliza mjini alisema tuformati, shilingi elfu moja na mia tano. Mafundi wa kompyuta wana dawa moja, kama wale waganga wenye kikombe kimoja.

Mdogo wangu alichukua daftari lake la zamani la kemia akaanza kuandika. Namsifu kwa hilo. Alirudisha kila kijiti mahali pake, kisha akagusa kimoja kimoja. Kiini peke yake, megahezi 30, fremu kumi, tazama. Megahezi 60, fremu kumi, tazama. Kisha kiini kirudi sifuri, memori ipande mia kwa mia. Kazi ya kuchosha, na kila jaribio lilikula muda uleule ambao hatukuwa nao. Lakini ndani ya usiku mmoja confetti ilikuwa imepata mwenyewe: memori ikipita 600, vijiraba vinaanza, ikiwa 500, fremu zinatoka safi. Kiini nacho kilivumilia 90, kwa 120 drayva inakufa ndani ya nusu saa. Krashi mbili kati ya tatu zikawa zimeeleweka.

Ile ya tatu haikujali. Alishusha vijiti vyote hadi sifuri, kadi ikawa kama ilivyotoka kiwandani, na saa mbili na nusu usiku, tka.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa machungu ndani ya nyumba. Kila alikotafuta jibu kwenye intaneti aliambiwa acha kuovakloki, naye alikuwa ameacha. Akaanza kusema kadi imekufa, machimbo yameimaliza, anunue nyingine kwa malipo ya awali aliyopewa na mteja. Mama akasema pesa hiyo ikiguswa chuo basi. Mimi nikasema kama mashine inazima usiku itazima na mchana, na harusi za watu ziko humo. Hakuna aliyepaza sauti. Kwetu watu wakikasirika wanaanza kuosha vyombo.

Mama ndiye aliyempigia mjomba.

Mjomba alikuja jioni na matatu ya kutoka Msambweni, begi lake la kazini begani. Hajui kadi ya grafiki ni nini na hakujifanya anajua. Baada ya shikamoo na chai aliuliza swali moja: "Hicho kitu kinakula ngapi, na anayekilisha ni nani?"

Tukamwonyesha pawa saplai, lile sanduku la chuma nyuma ya kesi, linalopokea stima ya ukutani na kuigeuza kuwa volti ndogo za kompyuta. Ubavuni limeandikwa 500W kwa herufi kubwa za dhahabu. Mdogo wangu akasema wati 500, kadi inakula 125, prosesa 88 ikibanwa sana, vilivyobaki tuseme 40. Jumla kama 250. Nusu tu.

Mjomba akavaa miwani. Hakusoma herufi za dhahabu, alisoma jedwali dogo lililo chini yake, lile ambalo hakuna anayelisoma. Mstari wa volti 12: ampea 18.

"Kumi na mbili mara kumi na nane?"

Nikapiga kwa simu. 216.

Kadi na prosesa zote mbili hula kwenye mstari wa volti 12. Mistari mingine, ya volti 5 na volti 3.3, ni ya kompyuta za zamani zaidi, leo inalisha diski na vitu vidogo. Yule aliyetengeneza sanduku alijumlisha mistari yote, pengine akaongeza na matumaini, akapata 500. Tulichokuwa nacho kwa kazi yetu ni wati 216, na sisi tulikuwa tunaomba 250 kabla hata kijiti hakijaguswa. Mdogo wangu alipopeleka kikomo cha nguvu hadi mwisho alikuwa anaomba zaidi. Kwenye gemu isingeonekana sana, kwa sababu gemu ikiichosha kadi mara nyingi prosesa inapumua. Yeye kwenye Blender alikuwa ameweka alama zote mbili, kadi na prosesa zifanye kazi pamoja, ili apate fremu haraka. Kila kinywa kilikuwa mezani wakati mmoja.

Lakini mjomba hakuridhika. Kama ni 250 dhidi ya 216, alisema, mbona haizimi dakika ya kwanza? Mbona inavumilia saa nzima, mbili, halafu inaanguka?

Hapo ndipo alipotueleza kuhusu mapampu. Kule Maumba kulikuwa na mota kubwa za kusukuma maji na mchanga, na mota inapowashwa, kabla haijashika mwendo, huvuta mkondo mara tano, sita, hata saba ya ule inaovuta ikizunguka kawaida. Ni muda mfupi tu, lakini ukichagua nyaya na fyuzi kwa kuangalia mwendo wa kawaida peke yake, kila asubuhi utaamka na giza. Ndiyo maana mota kubwa huwashwa kwa hatua. "Sasa hii yenu," alisema, "inawashwa na kuzimwa mara ngapi?"

Mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Kadi ya grafiki haili wati 125 kama taa inavyokula wati zake. 125 ni wastani. Ndani ya milisekunde chache inaweza kuruka juu sana ya hapo na kushuka tena, kila kipande cha kazi kinapoanza na kuisha. Pawa saplai nzuri ina kapasita za kutosha kuumeza mruko huo. Iliyochoka haina, na kapasita huchoshwa na joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila digrii kumi zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Chumba chetu kina bati juu na hakina dari. Februari, upepo wa kaskazi ukiwa umelegea, hata usiku ukuta unakuwa bado unatoa joto la mchana. Ongeza chumvi ya bahari, ambayo hapa inakula kila kitu kuanzia bawaba za milango hadi miguu ya dhahabu ya memori.

Alitoa multimita akachomeka ncha moja kwenye waya wa njano na nyingine kwenye mweusi, kwenye plagi ya diski iliyokuwa haina kazi. Mashine ikiwa imetulia: 11.9. Mdogo wangu akaanzisha fremu. 11.6. 11.4. 11.3. Kiwango kinaruhusu asilimia tano juu au chini, yaani usishuke chini ya 11.4. Tulisimama watu wanne tunatazama namba kama wanaotazama kipimo cha homa ya mtoto.

Kisha akafanya kitu ambacho hakuna fundi wa kompyuta angekifanya. Aligeuka akauacha mkono wa kompyuta, akaenda kupima ukutani. Ilikuwa saa mbili usiku. Stima ya Kenya ni volti 240 kwenye karatasi. Kwenye boksi la mita tulikuwa na 207. Kwenye soketi ya kompyuta, iliyofikiwa kwa ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni, mama akipiga pasi chumba cha pili kwa waya uleule, tulikuwa na 198. Pawa saplai yetu imeandikwa 200 hadi 240.

Soma daftari, akamwambia mdogo wangu. Alisoma. Mara nyingi zile tka zilikuwa kati ya saa moja na saa tatu usiku, saa ambazo Diani nzima imerudi nyumbani, eya kondishena zinawashwa, friji zinafunguliwa, maji yanachemshwa. Kadiri volti za ukutani zinavyoshuka ndivyo sanduku linavyolazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi kutoa wati zilezile, linapata moto zaidi, na akiba yake ya kuvumilia mtikisiko inapungua. Ile ya saa saba usiku haikuingia kwenye maelezo haya. Mjomba alikubali haikuingia. "Hiyo moja iache," alisema. "Ukitaka kila kitu kiingie utaanza kudanganya." Mimi nadhani usiku ule, kikomo cha nguvu kikiwa juu kabisa, haikuhitaji msaada wa mtu.

Soketi alipoifungua ilikuwa ya kahawia ndani, plastiki imeyeyuka kidogo, shaba imegeuka kijani. Mama alikaa kitini. Tulikuwa tunalala chumba cha pili kutoka hapo. Alibadilisha soketi usiku uleule, akachukua zile ekstensheni mbili na kuzikata katikati kwa koleo ili zisije zikarudi kazini, akavuta waya mmoja mnene. Kesho yake saa mbili soketi ilisoma 205, mita 207. Za nje hatuwezi kuzirekebisha.

Mdogo wangu akauliza kama angeweza kufungua pawa saplai abadilishe kapasita. Mjomba ni mpole, lakini hapo alisema hapana kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Ndani ya sanduku lile kuna kapasita inayobaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa waya, na haikupi onyo.

Pawa saplai mpya, wati 550 za kweli, ilikuwa kama elfu saba na mia tano kutoka Nairobi, na basi lisingeifikisha kabla ya siku tatu. Fremu zilizobaki zilikuwa 612. Usiku uliobaki ulikuwa minne.

Basi kijana aliyekuwa amevuta vijiti vyote kulia akavivuta kushoto. Hili linaitwa kupunguza volti, na kwa maoni yangu ndiyo sanaa yenyewe, kuovakloki ni kelele tu. Nguvu inayoliwa na kipande cha silikoni inafuata kasi, lakini inafuata volti mara mbili, volti kwa volti. Ukiishusha kutoka volti 1 hadi 0.875, hujapunguza sehemu ya nane, umepunguza karibu robo. Na kiwanda, kwa sababu ileile ya kulinda kipande dhaifu, huipa kila kadi volti nyingi kuliko inavyohitaji. Ile bahati ya silikoni uliyotaka kuila kama kasi unaweza kuila kama utulivu. Afterburner ina mchoro wa mstari, kila volti na kasi yake. Aliuinua mstari pale kwenye 0.875, akaulaza ukawa tambarare kutoka hapo kwenda mbele, kadi ikaambiwa usipite. Kisha akaondoa alama ya prosesa kwenye Blender.

Kadi ilishuka hadi kama wati 90. Jumla yote kama 165. Multimita ikasimama kwenye 11.7 na ikakaa hapo. Fremu sasa ilichukua dakika 4 na sekunde 20, polepole kuliko mwanzo wa yote, polepole kwa sekunde 38 kuliko ile siku ya chai. Nilimwona inavyomuuma.

Fremu 612 kwa sekunde 260 ni saa 44 na dakika 12. Usiku minne ni saa 40. Alikuja mlangoni kwangu na daftari.

"Dada, nina upungufu wa saa nne."

Nilikuwa na bibi harusi wa Tiwi aliyeniambia asipopata video Jumatano atakuja kukaa mlangoni kwangu na mama yake. Nilimpa asubuhi ya Jumanne, kutoka saa kumi na mbili hadi saa tano. Nilikaa barazani nikikata vitambulisho vya sauti kwenye simu, kazi ya kipumbavu. Bati lilikuwa linalia kwa joto. Nikasikia feni za mashine ndani, sauti moja isiyopanda wala kushuka, na kila baada ya dakika nne na kitu ile tiki ndogo ya diski. Saa nne na robo alitoka nje, akakaa chini sakafuni, hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema kiti kiko wazi.

Bibi harusi alipata video yake Alhamisi. Mama mtu alikuja kweli, na halua.

Mteja alilipa baada ya wiki tatu, kama wanavyolipa, katikati ya Ramadhan. Kulikuwa na mjadala kama elfu saba na mia tano zitoke kabla ya karo au baada. Mama alisema karo kwanza. Mdogo wangu alisema bila pawa saplai hakuna karo ya muhula wa pili. Mjomba, aliyekuwa amekuja kufuturu, akanywa uji wake, akaomba achangie nusu. Alisema kuku wanataga vizuri. Safari hii pia hakuna aliyemwamini, na pia hakuna aliyekataa, kwa sababu ukimkatalia mtu kama yule unamnyang'anya kitu kingine tena.

Sanduku jipya lina jedwali dogo ubavuni, na kitu cha kwanza tulichofanya watu watatu, kabla ya kutoa hata plastiki, ni kutafuta mstari wa volti 12. Linapokea kuanzia volti 100 hadi 240. Multimita sasa inasema 12.05 fremu ikiwa kazini, saa mbili usiku, pasi ikiwa moto.

Bila shaka ameiovakloki tena. Kiini 60, memori 400, chini kidogo ya mahali alipojua panavunjika, na amehifadhi kama mpangilio namba mbili. Namba moja ni ya kiwandani. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijafungua harusi ya mtu, nabonyeza namba moja. Saa mbili usiku anabonyeza mbili. Lile sanduku la zamani mjomba alilichukua akaenda nalo Msambweni. Ameunganisha waya wa kijani na mweusi liwake lenyewe, na kwenye volti 12 amefunga taa tatu ndogo za banda la vifaranga. Amepima: hazifiki wati 20 zote pamoja.